Miguu ndiyo inayosema: mwongozo wa kumwongoza mbwa katika ajiliti

Siku ya kwanza nilipompitisha Popi kwenye viunzi vitatu na handaki moja, aliingia handakini mara nne mfululizo huku mimi nikimwita kwenye kiunzi. Nikapaza sauti. Nikanyoosha mkono mpaka bega likauma. Mpwa wangu, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akinirekodi kwa simu, akasema, "Mjomba, hebu njoo uone mwenyewe." Akairudisha video taratibu kwa kidole. Mkono wangu wa kushoto ulielekea kwenye kiunzi, sawasawa kabisa. Lakini ncha ya kiatu, goti na kifua vyote vilikuwa vinatazama mdomo wa handaki. Popi alinitupia jicho miguuni, akaingia handakini. Alikuwa amenitii.

Mwongozo huu wote umejengwa juu ya video ile. Mbwa husoma mwendo wako kwanza, kisha miguu na mabega, kisha mkono, na sauti huja mwisho. Ukijifunza kusema naye kwa mpangilio huo, nusu ya yale unayoyaita ukaidi wa mbwa yatakwisha bila kumfundisha kitu kipya.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ajiliti ni mbwa kupita vizuizi kwa mfuatano uliopangwa na mwamuzi, kwa kasi na bila makosa, huku mwenye mbwa akikimbia naye. Ulianza kuonyeshwa mwaka 1978 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini London, na uliigwa kutoka mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Lakini mpanda farasi ana hatamu mkononi na miguu yake iko ubavuni mwa mnyama. Wewe huna hata kimoja. Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, mbwa hukimbia bila kamba, na ukimgusa wakati wa mbio kwa namna inayomsaidia unaandikiwa kosa. Kilichobaki ni mwili wako na maelewano yenu.

Kabla ya kuanza: uwanja, vifaa na umri

Mimi naishi Morogoro na Popi ni mbwa wa kienyeji, jike, kimo chake begani sm 46. Nalisema hili kwa sababu wengi hudhani mchezo huu ni wa Border Collie tu, wale mbwa wa kuchunga kondoo. Hao kweli ndio wanaotawala mashindano makubwa, lakini mbwa yeyote mwenye afya na hamu ya kucheza anafaa.

Viunzi vitatu vinatosha kwa miezi mingi. Nunua paipu za plastiki za maji na kona zake kwa muuza vifaa vya ujenzi, tengeneza nguzo mbili zenye miguu mipana, kisha laza ufito wa mita 1.2 juu ya vishikio. Ufito huo usifungwe wala kugundishwa. Mbwa akiugonga lazima udondoke, la sivyo ni mguu wake utakaovunjika.

Handaki langu ni mapipa mawili ya plastiki ya lita 200 yaliyokatwa pande zote mbili na kuunganishwa. Upana wake unakaribia ule wa kanuni, sm 60. Kingo nilizipiga msasa, nikazizungushia mpira wa ndani wa baiskeli uliopasuliwa. Hakikisha pipa halikuwahi kubeba dawa za shambani wala kemikali, na liegemeze kwa mifuko ya mchanga lisibingirike. Jua likipanda ligusie mgongo wa kiganja ndani: pakikuunguza wewe, mbwa asiingie.

Daraja la ubao, paa la kupanda na kushuka na ubao wa kupembea usivitengeneze kwa kubahatisha. Paa la kanuni lina kimo cha mita 1.7. Ubao ulioyumba au kuteleza humtia mbwa hofu ya mwaka mzima, na anayeanguka kutoka huko huumia kweli. Viache mpaka umpate mtu mwenye vifaa sahihi.

Fanya mazoezi kwenye nyasi, si kwenye saruji wala kokoto. Huku kwetu kwenye joto, ni kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mbwa ambaye hajatimiza mwaka asirushwe. Laza ufito chini kabisa, aukanyage au auvuke kwa hatua ya kawaida, maana mifupa yake bado inakua. Mbwa wa umbo kubwa msubiri zaidi. FCI yenyewe haimruhusu mbwa kushindana kabla ya miezi 18.

Hatua ya 1: Neno moja la kusema "hapo hapo"

Hapa Morogoro tuna walimu wa karibu. Shirika la APOPO, waliopo Chuo Kikuu cha Sokoine, huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya akipatia husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula. Ule mlio unamwambia ni kitendo kipi hasa kilicholipwa. Magawa, panya aliyetunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alianza na mlio huo huo.

Mimi situmii kifaa, natumia neno "ndiyo!" fupi na kali. Keti na mbwa, sema "ndiyo!", mpe kipande cha ini lililochemshwa. Rudia mara kumi, pumzika, rudia tena jioni. Baada ya siku mbili tatu sema neno hilo akiwa anatazama kwingine. Akigeuka haraka kutafuta ini lake, amelielewa. Dagaa wakavu nao wanafaa, tena wanabebeka mfukoni, ila nguo itanuka.

Neno hilo ni ahadi. Ukilisema kwa bahati mbaya, lipa.

Hatua ya 2: Wewe kwanza, bila mbwa

Watu wengi huiruka hatua hii, nami ningeomba usiiruke. Mwache mbwa bandani. Weka kiunzi kimoja, simama hatua tano nyuma yake, kimbia ukipite pembeni kana kwamba mbwa yuko kushoto kwako. Mwambie mtu akurekodi kutoka nyuma. Kisha tazama vitu vitatu tu: ncha za viatu zilielekea wapi, mabega yalielekea wapi, na mkono ulio upande wa mbwa ulikuwa wapi.

Mkono ukae chini, usawa wa nyonga, kiganja kikitazama njia ya mbwa. Ukiunyanyua juu ya bega unausokota mwili wako, na bega likisokotwa mbwa husoma "geuka".

Baada ya hapo mwombe mtu awe mbwa. Kwetu ni mpwa wangu, na kwa kweli amenifundisha kuliko mtu mwingine yeyote. Anakimbia ubavuni mwangu akifuata miguu yangu tu, haruhusiwi kusikiliza maneno. Jioni moja alisimama ghafla katikati ya viunzi, nami nikamuuliza kulikoni. "Mjomba, umepunguza mwendo, nami nikapunguza. Nilidhani tunageuka." Nilikuwa nimepunguza ili nikumbuke kiunzi kinachofuata. Popi angefanya vile vile, nami ningemlaumu.

Hatua ya 3: Tambarare, hakuna kizuizi

Sasa mlete mbwa, lakini viunzi viondoe. Mnajifunza mambo matatu kwenye nyasi tupu.

La kwanza ni kukimbia sambamba. Kimbia mstari mnyoofu mbwa akiwa kushoto, na akiwa sambamba na mguu wako sema "ndiyo!" umlipe pale pale, kwa mkono wa kushoto. Kisha upande wa kulia. Karibu kila mbwa ana upande anaoupenda, na upande asioupenda ndio unaohitaji mara mbili ya mazoezi.

La pili ni kupunguza mwendo. Kimbia hatua sita kwa nguvu, kisha fupisha hatua, kunja magoti kidogo, simama. Mbwa naye afupishe hatua zake na kukusanya mwili. Mara za mwanzo atapitiliza. Usimwite kwa hasira. Geuka, ondoka upande wa pili, na akikufikia mlipe kwenye mshono wa suruali. Atajifunza kwamba ukipunguza, mambo mazuri yako kwako na si mbele. Hili ndilo breki yako, na bila hilo hakuna kona kali hata moja mtakayoipiga vizuri.

La tatu ni kukaa mpaka aruhusiwe. Mketishe, ondoka hatua moja, rudi, mlipe akiwa bado amekaa. Kisha hatua mbili, tano, kumi. Neno la kuruhusu liwe moja, na liwe peke yake: usilitoe huku ukirusha mkono, maana atajifunza mkono na kulisahau neno. Siku ya mbio, kukaa huku ndiko kunakokupa nafasi ya kutangulia. Mbwa anakimbia kuliko wewe, kwa hiyo mita kumi za kutangulia si kitu kidogo.

Kila kipindi kisizidi dakika tano. Viwili kwa siku vinatosha.

Hatua ya 4: Kiunzi kimoja, na mahali pa kulipia

Weka ufito chini, sm 15 au 20, hata kama mbwa wako ni mrefu. Mwache aruke mara chache ili aelewe, kisha anza kufikiria jambo ambalo waanzao hulipuuza: zawadi inatua wapi.

Mbwa huelekea mahali zawadi ilipozoea kutokea. Ukimlipa kila mara mkononi, baada ya wiki mbili ataruka akikutazama usoni, atatua kwa kupinda, na mwisho atakuwa anakukimbilia wewe badala ya kutafuta kiunzi kinachofuata. Ukitaka aende mbele kwa nguvu, rusha mpira au chombo chenye chakula mita nne kupita kiunzi, upande anaotua, kwenye mstari wake, tena urushe akiwa bado anaruka. Ukitaka akate kona kuja kwako, mlipe mguuni, karibu na nguzo ya kiunzi. Changanya yote mawili. Mimi hufanya safari tatu za mbele kwa mbili za kona, kwa sababu Popi ana tabia ya kunitegemea mno. Mbwa mwenye papara huenda akahitaji kinyume chake.

Hatua ya 5: Kubadili upande

Njia ya ajiliti haiendi upande mmoja. Itakubidi mbwa aliyekuwa kushoto awe kulia, na kuna namna tatu kuu. Sisi tumezipa majina yetu.

Kukata mbele. Uko mbele ya mbwa, yeye yuko kushoto. Geuka kumwelekea, yaani kwa upande wa kushoto, macho kwa macho, maliza mzunguko, mpokee kwa mkono wa kulia. Uzuri wake ni kwamba humpotezi machoni, na mzunguko wenyewe unamwambia apunguze. Ubaya wake ni kwamba unachukua muda. Umalize kabla mbwa hajanyanyuka kuruka. Mbwa hupanga mruko wake akiwa bado chini. Ukimgeuza akiwa hewani atajaribu kupinda huko huko angani, na miguu ya nyuma itaangusha ufito. Ufito ukidondoka mara kwa mara mahali pale pale, usimtazame mbwa, tazama video uone ulimaliza mzunguko wakati gani.

Kukata kwa mgongo. Hapa unamgeuzia mbwa mgongo. Yuko kushoto kwako nyuma, unakatiza mbele ya njia yake bila kugeuka kumtazama, kisha unageuza kichwa juu ya bega la kulia na kumnyooshea mkono wa kulia. Ni wa haraka, hauvunji mbio zako. Lakini ukichelewa mnagongana. Jizoeze kwenye nyasi tupu kwanza, mbwa akiwa amekaa na wewe umetangulia mbali. Kinachomwambia mbwa abadili upande ni kichwa chako kugeuka, basi kigeuze mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Kukata nyuma. Huu ni wa mtu aliyeachwa, na sote huachwa. Mbwa ametangulia kuelekea kiunzini akiwa kushoto kwako. Unasogea kushoto nyuma ya mkia wake, naye anageuka kushoto baada ya kuruka, akijikuta kuliani kwako. Shida ni kwamba mbwa asiyejiamini akihisi unapita nyuma atageuka kukutafuta kabla ya kuruka. Ndiyo maana zile safari tatu za mbele katika hatua ya 4 zina thamani. Anza bila kiunzi: weka sahani yenye kipande cha ini mita sita mbele, mwachie, na akiwa njiani pita nyuma yake. Akizoea, weka kiunzi kati yake na sahani.

Fanya moja kwa wiki nzima. Ukizichanganya siku moja, wewe na yeye mtachanganyikiwa pamoja.

Hatua ya 6: Handaki karibu na kiunzi

Rudi sasa kwenye mtihani ulionishinda mimi. Weka mdomo wa handaki na kiunzi vikiwa vimeachana mita mbili, vyote vikimtazama mbwa. Usimpe neno lolote. Elekeza viatu na kifua kwenye kiunzi, sogea huko, uone anachagua nini. Akipatia mara nne kati ya tano kwa mwili peke yake, ongeza maneno.

Maneno yasifanane. Sisi tunasema "hopa" kwa kiunzi na "shimo" kwa handaki. Nilianza na "ruka" na "zunguka", nikagundua kwamba kwa mtu anayehema maneno yale mawili yanaishia kwenye mlio mmoja. Na uyaseme mapema, mbwa akiwa bado hajaamua, maana baada ya hapo ni kelele.

Fito za kupenya, yaani safu ya fito za wima ambazo mbwa hupita katikati yake akipinda kushoto na kulia, sizielezi kwa kirefu hapa. Za kanuni ni 12, zikiachana sm 60, na mbwa huingia ufito wa kwanza ukiwa kushoto kwake. Anza na mbili, kisha nne, kisha sita, na miezi inapita katikati. Kupenya ni kazi ya mgongo, kwa hiyo mbwa mdogo wa umri asizifanye.

Hatua ya 7: Kuikagua njia

Kwenye mashindano mwenye mbwa hupewa dakika chache za kutembea njiani bila mbwa. Vizuizi vina namba, na kwa kanuni za FCI huwa 15 hadi 22. Hata mazoezini kwenye viunzi vitano fanya hivyo kila mara.

Mara ya kwanza tembea njia ya mbwa, si yako. Simama upande anaotua wa kila kiunzi, inama mpaka usawa wa macho yake, uangalie anaona nini akitua. Mara nyingi utaona kiunzi kisicho chake kikiwa mbele kabisa ya uso wake, na kile unachokitaka kimejificha pembeni. Hapo ndipo palipo na kazi yako.

Mara ya pili tembea njia yako. Amua utakata wapi na kwa namna gani, na uamue kulingana na mahali utakapokuwa umefika kwa miguu uliyo nayo, si ile ya kijana unayemwona kwenye video. Mara ya tatu kimbia, mkono ukiwa chini, ukinong'ona maneno. Mwisho fumba macho, ipitie njia kichwani. Ukikwama mahali, rudi hapo, kwa sababu ndipo utakapokwama mbwa akiwepo.

Mambo yakienda kombo

Kwenye mbio ufito ukidondoka ni pointi 5 za kosa, mbwa akikataa kizuizi ni 5 nyingine, akikataa mara tatu mnatolewa. Hizo ni hesabu za mwamuzi. Mazoezini usizihesabu kwa mbwa.

Akienda kusikotakiwa, endelea kukimbia kana kwamba ndiyo njia, maliza, mlipe, halafu ujiulize ulifanya nini. Ukisimama na kuguna kila anapokosea, anajifunza kwamba kukimbia haraka kunaleta hasira, na kesho atakuja taratibu. Nimeona mbwa wenye moto wakizimwa namna hiyo, na kuuwasha tena ni kazi ya miezi.

Kosa likijirudia mara mbili, shusha ugumu kabla ya mara ya tatu: ufito chini zaidi, umbali mfupi zaidi, kizuizi kimoja badala ya vitatu. Na umsome yeye pia. Mbwa anayenusa ardhi ghafla, kujikuna, kupiga miayo au kuanza kukimbia mizunguko ya ovyo uwanjani, mara nyingi amelemewa au hakukuelewa. Mwite kwa upole, mcheze kidogo, funga kipindi. Akisita kuruka kiunzi alichokiruka jana bila shida, mkague miguu na mgongo, na ukiona anachechemea mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Maliza kila kipindi kwa kitu anachokiweza vizuri. Mtembeze dakika tano mpaka pumzi itulie, mpe maji kidogo kidogo, kisha mlaze ubavu umkague nyayo kwa miiba na katikati ya vidole kwa kupe. Popi hunyoosha mguu mmoja mmoja bila kuambiwa, na mpwa wangu akiwa karibu huu ndio wakati tunaangalia video pamoja, tukianzia viatuni.